Kisamaki Chenye Rangi za Ng'ombe

Baba padre, wazee wa ukoo mliotoka Lingeka, ndugu wa Bariadi, majirani wa Kalemela na ninyi nyote mliokaa nasi tangu Ijumaa, familia imempa Flora, mke wa Elia, huyu anayesema nanyi, kazi ya kuwasomea maisha ya mzee wetu, na mnashangaa, maana kwetu mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe wake, basi jina mmelisoma wenyewe pale msalabani, yeye atasema marehemu, na kwa nini amepewa yeye mtaelewa mbele, mumvumilie tu, mtoto yuko mgongoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 Lingeka, Meatu, mtoto wa nne kati ya saba, nyumba ya pamba na ng'ombe, na alipokuwa na miaka tisa aliteleza lamboni akimfuata ndama, akatolewa kwa kuvutwa mguu, na tangu siku hiyo maji yaliyopita magoti aliyaogopa kuliko simba. Alisoma hadi darasa la nne, kuanzia 1949 hadi 1952, na tarehe 12 Juni 1961 aliajiriwa kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, akaanza kwa kubeba marobota, akaishia kuwa fundi wa mashine. Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 1964 alifunga ndoa na mayu Justina, mama yetu, binti wa hapa hapa Kalemela, wakajaliwa watoto watatu, Anna, Constantine na Elia.

Mwaka 1993, mambo ya pamba yalipoanza kubadilika na kiwanda kikapunguza watu, marehemu alipewa barua yake tarehe 30 Novemba, akahamia huku ukweni na ng'ombe wanne, akakuta kila mtu yuko ziwani anatafuta sangara wa kupeleka viwandani Mwanza, na yeye hata ufukweni alisimama mbali kama mtu anayepita tu. Lakini mikono ya fundi haitulii, akaanza kutengeneza visamaki vya bandia nyumbani, mwili akichonga kwenye kandambili zilizokwisha, bati la kopo akilikunja mdomoni ili kizame kikivutwa, waya wa spoki za baiskeli katikati na ndoano tumboni, kisha anakijaribu kwenye birika la kunyweshea mifugo, anavuta uzi huku anatembea, ng'ombe wote wanne wanamtazama.

Rangi ndiyo ilileta maneno. Juni 1994 maduka ya Bariadi yalikuwa yamejaa vitu vya nje, marehemu akanunua chupa tatu za rangi ya kucha, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mayu Justina akazikuta kwenye mfuko wa koti, akauliza kucha za nani hizo unazipaka, baba Anna, na kabla hajajibiwa akamfungia mlango, marehemu akalala jikoni na mbuzi siku nne. Siku ya tano alikaa mbele ya mayu, akakipaka kisamaki kimya kimya, na kwa kuwa samaki hai hakuwahi kumkaribia amchunguze, alipaka rangi alizozijua, mgongo mweusi, tumbo jeupe, baka jekundu usoni, mayu akakigeuza geuza akasema baba Anna, huyu si samaki, huyu ni dume letu, wakacheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jirani yetu Athanasi, mwenye mtumbwi, alipovipokea aliuliza, mzee, tunakwenda kuvua au kuchunga, lakini jioni alirudi na sangara wawili, na wiki hiyo hiyo watu wakaanza kupanga foleni uani kwetu. Hata hivyo Athanasi hakuacha kumchokoza, kwamba mtu asiyelowana hata kisigino anajuaje kama kazi yake inavua, na hilo lilimuuma marehemu, akawa anatembea na kisamaki kimoja kwenye koti, akisubiri siku atakayopata moyo.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 28 Desemba 1997, asubuhi, mvua zimebeba daraja la kwenda zahanati, Elia yuko machimboni Geita, Flora ameshikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na mtumbwi wa Athanasi unavuja, anatakiwa mtu wa kukumba maji. Marehemu aliuangalia ule mtumbwi, akaingia. Alikaa mbele kabisa, ametupa mgongo ili heshima ya mkwe isivunjike, mayu Justina akashika khanga katikati yao kama pazia, na marehemu akatoa kisamaki chake, akakitupa majini, uzi akaufunga mguuni, akasema afadhali nimfikirie samaki kuliko maji, akaendelea kukumba. Kabla hatujafika ng'ambo, mguu ukavutwa, marehemu akasahau woga wake wote, akasimama, mtumbwi ukalala upande, khanga ikachukuliwa na upepo, na Flora, wazee wa ukoo mnisamehe, Flora akapiga kelele, "Mashimba, kaa chini!"

Marehemu alikaa, akamvuta sangara wake, na bila kugeuka akasema, "Nani ameniita? Mimi nimesikia samaki tu." Mchana Benedikta akazaliwa, kilo tatu na nusu, na yule sangara muuguzi akampima pia, kilo kumi na moja, Athanasi akavua kofia.

Marehemu alianza kuugua kisukari Machi mwaka huu, akatibiwa Mwanza, na alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Septemba 1998, akiwa amemwachia mayu ujumbe kwamba historia asome Flora, ili lile jina alitaje tena mtumbwi ukiwa umetulia. Miezi tisa Flora aliogopa kwamba ninyi wazee mtasikia, sasa mmesikia kwake mwenyewe, kama kuna mbuzi wa faini mtasema baada ya chakula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na kuni, wenzake wa kiwandani mliofika kutoka Bariadi, na Athanasi, ambaye leo amekuja na kile kisamaki cha siku ile, baka lake bado jekundu, Benedikta atakitunza akikua.

Pumzika kwa amani, Mashimba, kaa chini sasa, samaki tumemshika.