Fuso la Silvio Lamsubiri Mtu wa Bima

Kijiwe cha Bi Odete kiko ng'ambo ya geti la bandari, hapo Mtwara, na asubuhi hiyo benchi zima lilimsubiri mtu wa bima. Mwenye shida ni Silvio. Wiki iliyopita trela lilirudi nyuma likaliponda Fuso lake usoni, nalo ndilo pekee alilo nalo, na msimu wa korosho unafunguliwa Jumatatu. Fundi Mikaeli kakataa kutoa funguo mpaka bima ilipe. Kahawa ya Silvio ilipoa mkononi.

— Wale watu wa bima wanasomea kazi yao, bwana! alisema Danieli, wanayemwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kama shahidi. Mwaka wa kwanza wanafundishwa kutocheka.

— Wa pili je? akauliza Silvio.

— Kunusa uongo, akadakia Raimundo, ambaye kijiweni wanamwita Kamusi. Shemeji yangu kule Msimbati alidai boti imezama. Jamaa wa bima akalamba kasia, akasema, "Hili halijaona maji tangu Krismasi."

— Wee!

— Haki ya Mungu! Na mtihani wa mwisho wanafungiwa chumbani na mama mkwe aliyevunja sahani, hawatoki mpaka akiri.

Silvio akaweka kikombe chini.

— Sasa mimi nitapona kweli?

— Utapona, akasema Wakili. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni wa watu utamwonyesha mabati yaliyokunjamana? Ndiyo maana tukakwambia Fuso linyooshwe kwanza.

Pembeni, Mikaeli alikuwa anaing'arisha rangi mpya kwa kitambaa. Fuso linang'aa utadhani bibi harusi. Vipande vilivyovunjika walishawapa watu wa chuma chakavu.

— Mficha uchi hazai, akasema Bi Odete.

— Bi Odete, hapa pana lori, hapana mjamzito! akadakia Kamusi.

Bajaji ikasimama. Akashuka binti mwenye faili na kamera.

— Shikamooni. Naitwa Upendo, natoka bima. Bado niko mafunzoni, mnivumilie.

— Marahaba! benchi likaitikia.

Akalizunguka Fuso mara mbili.

— Zuri. Sasa baba, lililogongwa liko wapi?

— Ndilo hili, mwanangu, akasema Silvio. Tulilinyoosha kwa heshima yako.

— Asanteni. Picha za kabla mlipiga?

Silvio akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kamusi. Kamusi akachungulia ndani ya kikombe.

Mikaeli akatia funguo mfukoni, akaufunga kwa kishikizo.