Kidoti cha Baba

BABA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Mimi, Baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mumeo hajambo?

BINTI: Tupo. Uko wapi?

BABA: Nyumbani. Nimekaa kwenye kiti changu, natengeneza saa ya mteja.

BINTI: Kwenye kiti chako.

BABA: Hichohicho.

BINTI: Baba, nimefungua ramani kwenye simu. Kidoti chako kiko nyuma ya kiwanda cha mabati.

BABA: Kidoti gani?

BINTI: Wewe. Nilipokununulia simu nilituunganisha, ili ukipotea nijue pa kukutafuta.

BABA: Aa, ile. Ile niliiziba.

BINTI: Uliizibaje?

BABA: Kwa plasta. Jicho la mbele na la nyuma. Haioni kitu hiyo.

BINTI: [anacheka] Baba, haitumii kamera. Inatumia satelaiti, na minara ya—

BABA: Yaani nimetembea na plasta bure?

BINTI: Kumbe ndiyo maana picha zako zote nyeusi. Nikadhani hamna umeme.

BABA: Na nani alikubali mambo haya?

BINTI: Wewe. Palipoandikwa "Kubali" ukabonyeza.

BABA: Ningebonyeza wapi tena? Kila mahali wameandika kubali. Zamani Mungu peke yake ndiye aliyeniona kila niendapo, na Yeye hanipigii simu kuniuliza.

BINTI: Hapo ni kwa nani?

BABA: Kwa... kwa fundi cherehani. Nimeleta suruali ipunguzwe.

BINTI: Wiki nzima kidoti kinashinda hapo. Hiyo suruali si imeshakuwa kaptula?

BABA: Ina— [mtandao unakwaruza] —ina pindo gumu.

BINTI: Nani anakohoa?

BABA: Redio.

BINTI: Inakohoa kike.

BABA: Sikiliza, mwanangu. Nilitaka nikwambie ana kwa ana. Tangu mama yako atutoke, ile nyumba imekuwa kubwa mno. Niliogopa utalia. Au utanisema.

BINTI: Sikupiga kwa ajili hiyo. Nataka kujua tu utarudi nyumbani saa ngapi.

BABA: Wewe uko safari ya nusu siku kutoka hapa. Kurudi kwangu kunakuhusu nini?

BINTI: Nauliza tu. Niko kazini, wateja wanangoja dawa, nikaona ni—

BABA: Ngoja. Ngoja kidogo. Fundi ananionyesha kitu kwenye simu. Anasema ukimwona mtu hivyo, naye anakuona. Kwani hiki chenye sura yako ndiyo wewe?

BINTI: Baba, usibonyeze hapo—

BABA: Nimeshabonyeza.

BINTI: Hiyo huwa inakosea.

BABA: Inakosea safari ya nusu siku? Kidoti chako kiko mlangoni kwangu.

[Mtandao unakwaruza.]

BABA: Umekuja na mumeo?

BINTI: Hapana.

BABA: Anajua umeondoka?

BINTI: Atajua akifungua kabati.

BABA: Amekupiga?

BINTI: Baba, salio linakwisha.

BABA: Hujanijibu.

BINTI: Ndiyo maana nasema salio linakwisha.

BABA: Eh, Bwana wangu.

BINTI: Usiseme hivyo, utaniliza hapa nje. Wewe rudi tu unifungulie.

BABA: Kwanza niambie. Yeye naye anakiona hiki kidoti chako?

BINTI: Sijui.

BABA: Hujui vipi? Mimi umenifundisha satelaiti na minara.

BINTI: Simu hii alininunulia yeye. Kila kitu aliweka yeye. Akasema ni kwa ajili ya usalama wangu, na mimi nika—

BABA: Ukabonyeza kubali.

BINTI: Nilikubali, Baba.

BABA: Basi izime. Sasa hivi. Usikae hapo barazani, ingia kwa jirani, yule fundi viatu. Tunakuja.

BINTI: Mnakuja na nani?

BABA: Na fundi wangu. Ameshavaa viatu. Ameshika mkasi.

BINTI: Mkasi wa nini? Mwambie auache.

BABA: Nimwambie mimi? Mwenzio nimeshindwa hata kumwambia apunguze chumvi. Utamwambia mwenyewe mkionana.

BINTI: Baba... msalimie.

BABA: Amesikia, yuko mlangoni ananivuta shati. Zima, mwanangu. Zima sa—