Kona ya Kesterson

Mbele ya ghala la nafaka la Kesterson, Nebraska, kuna benchi la mbao za trela, na kila asubuhi, kabla jua halijauvuka mstari wa mahindi, watu walewale hukaa hapo na birika la kahawa. Betri, ambaye mama yake alimwita Duane Hruska, alipewa jina hilo kwa sababu pikapu yake haiwaki mpaka isukumwe. Gavana aliwahi kugombea udiwani. Cheo kilimpita, jina likamkaa. Shemasi alikuwa shemasi kweli, wa kanisa la Kilutheri, ingawa hadithi zake hazikuwahi kubatizwa. Na mwisho wa benchi aliketi Marlys, mjane wa Gene Dvoracek, kikombe kikimpolea mkononi. Jimbo lilitaka kuinyoosha Barabara Namba Kumi na Tisa, na ile kona inayopita mbele ya nyumba yake ingeng'olewa lami ikapandwa mahindi.

Giza likiingia, gari lolote likikunja kona ile, taa zake huingia dirishani kwa Marlys. Mwanga hupanda ukutani, hupita juu ya kabati la vyombo, hutembea polepole kama mtu asiyetaka kuamsha watoto, kisha hushuka upande wa pili. Miaka yote ya ndoa, hivyo ndivyo alivyojua mumewe amerudi: mwanga kwanza, kisha muungurumo, kisha buti mlangoni. Gene ana misimu minne ya mavuno kaburini, na mwanga bado unapita. Kwa muda wa pumzi moja, kila jioni, mume anarudi. Jambo hilo Marlys hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, kwenye benchi lile?

Binti mpimaji wa barabara, aliyetumwa na jimbo, alikuwa njiani kuja kusikia kama wenyeji wana sababu yoyote ya kutaka kona ibaki. Benchi likaona ni vyema kwanza likubaliane kona yenyewe ilitoka wapi. Maana Namba Kumi na Tisa inaanzia kusini, mpakani mwa Kansas, inavuka Mto Platte, inapanda kwenye vilima vya mchanga hadi Dakota, na njia nzima imenyooka kama uzi wa fundi. Imepinda Kesterson tu.

Gavana alisema ni siasa. Zamani palikuwa na mbunge ambaye shemeji yake alikuwa na duka la chumvi pale konani, na lami hufuata udugu kama maji yanavyofuata mtaro.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimalizia. — Na hii ilikunjwa kabla ya lami kukauka.

— Duka la chumvi, nani alinunua humo? Betri aliuliza. — Ng'ombe?

Shemasi alingoja wamalize kutaniana. Kisha, kwa sauti ya ibada, akaeleza kwamba wajenzi walifika hapo wakakuta harusi ya Wacheki. Harusi ya siku hizo ilichezwa mpaka ngano ikaiva. Wajenzi walisubiri, wakachoka, wakaanza kuwazunguka wachezaji, na kumbe wachezaji nao walikuwa wakisogea. Kona ile, alisema, ni alama ya mguu wa bibi harusi. Ndiyo maana ukiipita na redio imezimwa, unasikia kodiani ya harusi ikipigwa.

Hakuna aliyecheka. Asubuhi ilikuwa ya namna hiyo. Umande ulining'inia juu ya shamba, na maghala ya mbali yalionekana kama yanaelea.

Betri akaja na nyati. Si binadamu aliyechora barabara, alisema. Nyati waliichora, kundi lenye urefu wa siku nzima, na nyati wenyewe walikuwa wakifuata kivuli cha wingu. Hapo Kesterson wingu liligeuza shingo, kundi likageuka nalo. Kisha yakaja magari ya farasi, kisha lami, na sote tunafuata wingu lililokwisha kunyesha zamani.

Gavana hakukubali kushindwa. Akasema barabara haijapinda hata kidogo. Miaka ile ya ukame na dhoruba za vumbi, upepo uliichukua nchi nzima ukaiweka mahali pengine. Barabara ndiyo iliyobaki palepale.

— Njia ya mwongo ni fupi, alisema. — Kwa hiyo ndefu kama ile lazima ni ya mkweli.

Marlys aliwasikiliza, na moyo ukamtulia kidogo. Watu wanaoipenda kona kiasi hiki, aliwaza, hawataiacha iende.

Binti mpimaji alifika akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa. Aliitwa Teresa Ochoa. Akapewa nafasi kwenye benchi, na kolache, kile kiandazi cha Kicheki chenye jamu ya plamu, na hadithi zote nne. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa.

— Nzuri, alisema. — Sasa nauliza tu, wazee wangu. Ni nani kati yenu hupita kwenye hiyo kona?

Marlys alingoja wamjibu kwa kishindo. Shemasi alitazama viatu. Gavana alikuta kitu cha kukwangua kwenye kikombe.

Nyuma ya ghala la nafaka kulikuwa na njia ya vumbi, inayokata shamba la akina Hruska, jamaa za Betri, na kutokea nyuma ya banda la Marlys kabla ya kuungana tena na lami. Siku zote alidhani ni ya matrekta. Sasa akaelewa, bila kuambiwa, kwamba Kesterson nzima hupita huko. Taa zilizotembea ukutani kwake zilikuwa za wapita njia, watu wasiojua hata jina la mji.

— Hata mmoja wenu? aliuliza.

— Shemeji, Betri alisema taratibu, — ya mkato inaokoa mafuta.

— Na Gene?

Betri alivua kofia akaiweka gotini.

— Gene hakuitaka. Tulimcheka weee. Tukamwambia, bwana, njia ya nyuma inakushusha bandani kwako, huko mbele unazunguka kufuata nini? Anatabasamu tu. Kesho jioni anazunguka tena.

— Kuzunguka ni mbali kiasi gani? Marlys aliuliza.

— Wimbo mmoja wa redioni, Betri alisema. — Na nusu ya wa pili.

Marlys alijaribu kuhesabu ni nyimbo ngapi kwa miaka yote ile ya mwanga ukutani, akaacha.

— Wahandisi wanasema kona ile ni kosa la wapimaji wa zamani, Teresa alisema. — Niwaambie nini?

— Waambie aliyeipinda hatumjui, Marlys alisema. — Lakini yupo aliyekuwa akiipita kila jioni, na njia fupi akiijua. Hilo si kosa.

— Nitawaambia. Sijui kama watasikia.

— Hata mimi sijui, binti.

Gavana aliinua birika ammiminie mgeni. Yakatoka machicha ya kahawa. Hakuna aliyeinuka kwenda kuchemsha nyingine.