Kichwa cha Tarsisi

Kiharusi kilikuwa kimevujisha damu ubongoni mwa Tarsisi, na kichwa kilimgonga vibaya. Ndani ya basi la Kahama alijilaza mapajani mwa mkewe, Generoza.

"Mayu, mama yangu, acha nimuumike," alisema mzee wa kiti cha pili, akichomoa mfukoni pembe ya kunyonyea damu. "Damu chafu ikitoka, kichwa kitapoa."

"Damu imeshamwagika ya kutosha, baba. Daktari wa misheni amekataza hata aspirini. Nampa Panadol na utulivu."

"Vidonge! Pembe hii imetuliza vichwa vya wachimbaji wote wa Geita!"

"Hivyo vyao. Hiki changu!"

Walibishana mpaka basi liliposimama Kahama. Tarsisi akafumbua jicho moja.

"Kichwa ni changu," akasema taratibu, "na kwa sasa kinaumwa na nyinyi wawili."