Kura ya Macho Yaliyofumbwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, limetazamana na geti la shule ya msingi ya kanisa, na anayekaa hapo asubuhi hana haja ya redio. Yupo Kanuni, karani mstaafu, ambaye hata chafya yake ina kifungu cha sheria. Yupo Kinyozi, mwenye kibanda hatua nne nyuma ya benchi, na wateja wake wamezoea kungoja amalize ubishi. Yupo Mama Birika, mwuza kahawa, na kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Na asubuhi hiyo alikuwepo Rangi, mwandika mabango. Ng'ambo ya barabara, ukutani, alikuwa ameshayapaka upya maneno matatu kati ya manne ya shule: UPENDO, UKWELI, HESHIMA. La nne, MSAMAHA, lilikuwa bado limepauka. Mwalimu mkuu aliyataka yote yang'ae kabla ya ugeni wa askofu, lakini Rangi alikuwa kwenye kikombe cha tatu, naye si mnywaji wa kahawa.

— Watoto mia tatu, alisema Kanuni, jana wamesimama paredi saa nzima. Kioo cha ukumbi wa sala kimevunjwa. Nani kavunja? Kimya! Mia tatu, hakuna hata aliyekohoa!

— Zamani wangeshindana kusema, alisema Mama Birika. Mwaka juzi walinivunjia mtungi wa maji, wakaja watano kuungama. Na aliyevunja ni mmoja!

— Mimi sababu naijua, alisema Kinyozi. Ni hizi mashine za kunyolea. Zinapata moto, zinaunguza aibu kichwani. Enzi za wembe mtoto alikuwa anaona haya.

— Si wewe mwenyewe unayewanyoa?

— Ndiyo maana nasema najua!

— Acheni porojo, alisema Kanuni. Tatizo ni kipaza sauti kipya. Mtoto akiombewa kwa kelele kila asubuhi, sikio linaota sugu. Dhamiri inaingilia sikioni, hilo liko wazi kabisa.

— Liko wazi wapi?

— Kwa mujibu wa taratibu.

— Basi na mimi niseme, alidakia Mama Birika. Ni rangi hii ya mafuta. Harufu yake inafunga koo. Rangi, umewafunga watoto wetu midomo, bwana!

Walicheka mpaka mteja wa Kinyozi akachungulia, povu nusu ya kidevu. Rangi hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Wamenyamaza tangu mwalimu wa darasa la tatu aondoke, alisema. Hamjaona?

Kicheko kikakatika hapo hapo. Kila mmoja pale alikuwa anaijua habari hiyo, na kila mmoja alikuwa amejifunza kuizunguka. Mwalimu yule alimsingizia msichana mmoja kwamba ameichana Biblia ya darasa, akamweka nje siku mbili. Baadaye ikajulikana si yeye. Basi asubuhi moja, mbele ya shule nzima, mwalimu akapiga magoti kwenye vumbi, akasema, "Nilikusingizia. Naomba unisamehe." Mtoto akajibu, "Nimekusamehe, mwalimu." Yule mtoto alikuwa mjukuu wa Rangi. Kamati ya wazazi na walezi ilikutana wiki hiyo hiyo. Mwalimu wa kupigia watoto magoti, ikasemwa, anaivunjia shule heshima. Mwenyekiti akataka kura ya kumwondoa ipigwe kama sala, vichwa chini, macho yamefumbwa, ili asiaibike mtu. Katibu peke yake ndiye aliyefumbua macho kuhesabu: watu kumi na mmoja, mikono tisa. Mwalimu alifungasha siku ya pili yake.

— Mimi simo, alisema Kinyozi harakaharaka. Mkono wangu ulikuwa gotini.

— Na wangu, alisema Kanuni.

— Mie siko kwenye kamati, alisema Mama Birika, lakini ajabu yenu hii! Kila mjumbe anayekunywa hapa hakuinua. Hiyo tisa iliinuliwa na malaika?

Rangi alijisikia vibaya, kama alivyojisikia kila asubuhi mwaka huo mjukuu wake alipopita na begi lake bila kumtazama.

— Mimi niliinua, alisema.

Wakamgeukia.

— Wewe? Babu yake mtoto?

— Sikutaka. Nilisikia koti la Kanuni linachakarika, nikajua mzee kainua. Nikaona, nani mimi nibaki peke yangu? Nikainua.

Kinyozi aliipangusa mikono yake kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

— Mimi nilisikia shati lako, alisema polepole. Nikasema kama babu mtu kakubali, basi yamekwisha. Nikainua.

Wote wakamtazama Kanuni. Kanuni alitazama ndani ya kikombe chake.

— Nilikuwa najikuna shingo, alisema.

— Nini?

— Kola ilikuwa inaniwasha. Katibu akanihesabu.

— Na wewe ukanyamaza!

— Kura ikishahesabiwa... alianza Kanuni, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, kifungu hakikuja.

— Mjukuu wangu aliniuliza, alisema Rangi. "Babu, akina nani wamemfukuza mwalimu? Mimi si nilishamsamehe?" Nikamwambia ni kamati, mimi sijui. Alinitazama tu. Jamani, najuta. Mtoto wa miaka tisa alisamehe, sisi wazee tukashindwa. Na nimepewa niliandike lile neno pale kwa herufi kubwa.

Mama Birika alimjazia kikombe bila kuombwa.

Ndipo alipofika mama mmoja mgeni, ameshika bahasha mkono mmoja, mkono mwingine kamshika bintiye mwenye sare mpya iliyomzidi kimo. Aliwaamkia vizuri, wakaitika.

— Samahanini, wazee wangu. Tumehamia mtaa wa nyuma huko. Niliambiwa kuna shule ya kanisa, mwalimu wake alimpigia magoti mwanafunzi akamwomba msamaha, mbele ya wote. Nikasema mwanangu atasoma hapo, potelea mbali hata nikipanga mbali na kazini. Sasa nimeona geti hili. Ndiyo shule yenyewe?

Kanuni alifunga kifungo cha koti. Kinyozi alikumbuka mteja wake, lakini hakuinuka. Mama Birika, ambaye humwelekeza mgeni mpaka mlangoni na kumtajia jina la mbwa, aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Rangi kilichokuwa tayari kimejaa.

Rangi aliutazama ukuta, maneno matatu mabichi na la nne halijaguswa. Mkono wake wa kulia, ule aliouinua siku ya kura, aliukalia.

Mama yule akadhani hawakumsikia. Akauliza tena.