Mama Shefali Aliyeketi Juu ya Mtungi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni saa hii, baki hapo hapo na kijiko chako mkononi. Habari ya leo ni ya jikoni.

Mama Shefali ametutoka. Namzungumzia Nurbanu Begum, mama yake Shefali, mke wa Mzee Motaleb. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Khalishpur, akiwa na miaka sitini na saba. Alikunywa chai, akaosha kikombe, akajilaza. Hakuamka.

Wengi mnamjua kwa ubahili. Tusifichane, ndivyo tulivyomwita. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na bati moja, kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, na bati halina siri. Nilijua wanakula nini kabla hawajala. Ganda la mung'unye halikutupwa, lilikatwa nyembamba likakaangwa na pilipili. Maji ya wali hayakumwagwa, yalikuwa wanga wa kukazia sari yake ya Idi, na yaliyobaki akapewa ndama wa jirani, na jirani akatoa kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia moto. Sari ikichakaa ikawa pazia. Pazia likichakaa likashonewa blanketi. Blanketi likichakaa, sijui, maana sikuwahi kuona likichakaa.

Sokoni alikwenda jua likizama, wauza samaki wakitamani kwao. Nilikuwapo siku moja kwenye meza ya Gopal.

"Gopal, samaki wako wamechoka na wewe umechoka. Nikupunguzie mzigo?"

"Dada, kwa bei yako hiyo hata mke wangu sitathubutu kumwambia."

"Usimwambie. Sema umempa paka."

Gopal akacheka, akafunga vidagaa kwenye jani, akaongeza na kichwa cha samaki mkubwa. Watu walimpa vitu Mama Shefali ili tu wamsikie akiongea.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa konzi. Mama zetu wengi wa vijijini wanaijua. Kila anapopima mchele wa kupika, kabla haujaingia chunguni, mama anarudisha konzi moja pembeni. Asubuhi konzi moja. Jioni konzi moja. Mama Shefali aliitia kwenye mtungi wa udongo, chini ya kitanda, nyuma ya mablanketi, akaweka majani ya mwarobaini juu wadudu wasisogee. Ya nini? Hata yeye hakujua. Mama yake kule Bagerhat alifanya hivyo, naye akafanya.

Ukafika mwaka kiwanda kilipofungwa. Mnaukumbuka. King'ora cha asubuhi kilinyamaza, na wanaume wakawa wanaamka saa ile ile, wanakaa kizingitini. Motaleb naye akakaa. Nyumba ya watu watano: baba, mama, wavulana wawili wadogo, na Shefali. Shefali alikuwa na miaka kumi na sita, amebakiza miezi mitatu afanye mtihani wa darasa la kumi. Ada haikuwa tatizo, wasichana walisoma bila kulipa. Tatizo lilikuwa wali.

Hapo ndipo mshenga Kashem alipopiga hodi. Kashem alikuwa na pua ya kunusa sufuria tupu. Akaleta posa ya kijana mwenye duka la vitambaa Jessore. Harusi mwezi huo huo, shule basi. Akamwambia Motaleb maneno ambayo sisi sote tulikuwa tunaambiana wakati ule: "Kaka, binti akiolewa, mdomo mmoja umepungua."

Wasikilizaji wapendwa, Motaleb hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Alikubali upande wa kijana waje Ijumaa kumtazama binti. Na desturi zetu mnazijua: wakija kumtazama binti, unawalisha mpaka wafungue vifungo.

Usiku ule bati likasema yote.

"Watu kumi na mmoja, Mama Shefali. Tutawapa nini, upepo?"

"Nani kawaita?"

"Kashem."

"Basi wakale kwa Kashem."

Kisha nikasikia kitanda kinaburutwa. Motaleb alikuwa anatafuta chochote cha kuuza, akakutana na mtungi. Nikasikia mfuniko. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kiwanda kifungwe.

"Mke wangu, umenificha. Huu ni mchele wa pilau ya watu kumi na mmoja, na wa kuuza tununue nyama na samli."

"Huo una mwenyewe."

"Nani?"

"Shefali. Si umesema mdomo wake umekushinda? Mdomo wake ndio huo. Nimeupima. Kilo arobaini kasoro kidogo. Unafika siku ya mtihani, na siku nne juu yake. Wewe, mimi na wavulana tutahangaika. Yeye chakula chake kipo."

"Na wageni?"

"Baba Shefali, ukiumaliza Ijumaa, Jumamosi huna mchele na huna binti."

Kisha akarudisha mfuniko akaketi juu yake. Najua aliketi, kwa sababu alfajiri nilikwenda kuazima chumvi, nikamkuta hapo hapo, amejifunga sari, anasuka nywele za Shefali. Mwanamke mwembamba kama ufito. Chumvi alinipa, lakini alinipimia.

Ijumaa baada ya sala wageni wakaja. Walisema kumi na mmoja, wakaja kumi na watatu. Mama Shefali akawatandikia mkeka vizuri, akawanawisha mikono, akawaletea kiporo. Wali wa jana, uliolala ndani ya maji, na kitunguu, na pilipili ya kuchoma. Mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa dirishani, nikajishika mdomo.

Shangazi wa kijana akatazama bakuli, akamtazama yeye. "Mwenzangu, huku kwenu mgeni hulishwa kiporo?"

"Huku kwetu mgeni hula tulichokula wenyewe, dada. Karibu chumvi."

Baba wa kijana akajikohoza. "Mwanangu ana duka."

"Duka jema. Halina miguu. Linaweza kungoja miezi mitatu, binti amalize mtihani, kisha tuongee. Siku hiyo nitawapikia pilau hata kwa kuuza kitanda."

Hawakungoja. Waliondoka bila kutia mkono bakulini, Kashem akiwa mbele kabisa. Kijana alioa kwingine kabla mwezi haujaisha. Na sisi tulifanya kazi yetu: hadithi ilifika kwenye bomba la maji kabla mabakuli hayajaoshwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba. Tulimcheka Motaleb wiki nzima. Kapokea posa kwa kiporo, tulisema.

Jumatatu yake Motaleb alikwenda kukodi mkokoteni wa kuendesha kwa pedali kama baiskeli, akaanza kubeba matofali. Jioni alirudi hawezi kukunja vidole.

Shefali leo ni muuguzi, hospitali ya wilaya kule Satkhira. Juzi matangani nilimuuliza kuhusu ile miezi mitatu. Alisema: "Nilikuwa naona haya kushiba. Wao walikuwa wanakula uji mwepesi, mimi wali. Siku moja nikasukuma bakuli. Mama akalirudisha. Akaniambia, kula, haya haijibu maswali ya hisabati."

Alifaulu. Siku ya mtihani baba yake alimpeleka kwa mkokoteni ule ule wa matofali, ameutandika blanketi. Na mwaka uliofuata, wasikilizaji wapendwa, wanawake saba wa mtaa ule ule uliocheka walikuwa na mitungi chini ya vitanda. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Mzee Motaleb hasikii vizuri siku hizi. Nilimsogelea sikioni kumpa pole. Akaniambia: "Siku niliyoachishwa kazi sikulia. Nililia siku nilipomwona mwanamke ameketi juu ya mtungi, ananilinda nisimuuze mtoto wangu kwa pilau. Nisemee hilo. Sikuwahi kumwambia."

Mzee, nimekusemea hapa, mtaa mzima unasikia.

Kwako Mzee Motaleb, kwako Shefali, kwenu vijana wawili mlioko Dhaka, na kwa Gopal ambaye Jumanne alifunga meza mapema: poleni sana. Mungu amkaribishe Mama Shefali kwake, ampakulie yeye kwanza, maana hapa duniani alizoea kuwa wa mwisho.

Na wewe unayenisikiliza, bei zimepanda, najua. Kazi zimepungua, najua. Ukikaa jioni kuhesabu midomo ya nyumba yako, ukitafuta upi upungue, usianze na wa binti.