Shangazi Aliyetafuta Akidi

Mheshimiwa Spika, waheshimiwa wabunge, ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ni yule mpanga safari wa kituo cha mabasi, mtoto wa kaka yake marehemu, naye ametumwa kuwasomea maisha ya mama yetu huyu, ambaye nyumbani alikuwa shangazi kwa sababu ya damu, na bungeni alikuwa Shangazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Kurasa hizi alizikagua mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa nyingi tulizomwandikia, akasema zinachosha watu, na sehemu ya mwisho tu ndiyo ambayo haikupita mikononi mwake.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi saa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano na wa kike pekee, jambo ambalo kaka na wadogo zake walidhani lingemfanya awe mpole, wakangoja, na wawili waliobaki wanangoja mpaka leo. Baba yake alikuwa bingwa wa saa za watu na mzito wa mambo ya nyumbani kwake, aliahidi kuutengeneza mlango wa jikoni uliogoma kufungwa, mwaka ukapita, basi binti yake mwenye miaka sita akawa anamfuata dukani kila asubuhi na kumuuliza kwa adabu zote, mbele ya wateja, "Baba, mlango umefikia wapi?", hadi siku moja mzee akafunga duka mchana kweupe akaenda kuutengeneza. Swali hilo halikubanduka tena mdomoni mwake, na wengi mliopo hapa mmelisikia mkiwa na tai shingoni na jasho mgongoni.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1958 katika shule iliyo kando ya soko, akamaliza mwaka 1964, na Januari 1965 akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alikuta jiwe la msingi la maktaba limewekwa na mgeni rasmi zamani, limeandikwa vizuri, limezungushiwa maua, na maktaba yenyewe haipo. Alipofika kidato cha tatu aliwashawishi wenzake wawe wanabeba viti kila Jumamosi na kwenda kusoma kulizunguka jiwe lile, kimya kabisa, bila bango wala kelele, na wazazi waliokuja kutembelea walipouliza mabinti wanafanya nini juani, walijibiwa kwamba wako maktaba. Mwalimu mkuu alimpa adhabu ya kufyeka nyasi, naye akafyeka zile za kulizunguka jiwe ili viti vikae sawa, na kabla hajamaliza kidato cha nne kuta zilikuwa zimefika madirishani. Aliendelea na masomo ya juu, akahitimu chuo kikuu tarehe 23 Novemba 1974, shahada ya biashara, upande wa uhasibu.

Aliajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali mwanzoni mwa mwaka 1975, akakaa huko miaka ishirini, akipanda vyeo taratibu, maana wakubwa wake walimpenda kazini na kumwogopa mikutanoni. Mwaka 1990 aligombea ubunge akashindwa vibaya sana, siku ya Jumatatu akarudi ofisini kama mtu aliyetoka likizo, akafungua dirisha, akaomba jalada alilokuwa ameliacha, na mwaka 1995 akagombea tena akashinda.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, na mzee wetu mpima ardhi, aliyekaa pale mbele na miwani yake miwili, na inabidi isemwe, kwa kuwa marehemu hakuifuta, kwamba harusi hiyo iliahirishwa mara mbili na bwana harusi, kila mara kwa sababu ya safari za porini, na mara ya tatu bibi harusi alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake wa kazi, akauliza likizo ya kijana huyu inaanza lini, akapanga harusi siku ya pili yake. Mzee mwenyewe husema alipata taarifa ya harusi yake kwa njia ya kiofisi, nakala kwa wahusika wote. Wameishi kwa mapenzi na utani kwa zaidi ya miaka arobaini na sita, wakajaliwa watoto watatu, daktari wa meno aliyezaliwa mwaka 1980, mwalimu wa muziki aliyezaliwa mwaka 1983, na kitinda mimba wa mwaka 1988, ambaye alijitahidi sana kuwa mvivu, lakini katika nyumba ile hakupata nafasi, akaishia kuwa mhandisi wa madaraja.

Mwaka 2006 wabunge wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za serikali, na hapo ndipo alipoanzisha utaratibu uliompa jina na maadui, kwamba wizara ikisema imejenga kitu, kamati haitahojiana nayo katika ukumbi wenye viyoyozi, itakutana nayo ndani ya kitu hicho hicho. Wizara ya maji ilipoeleza kwamba mradi wake umekamilika, aliialika kamati ikanywe chai kwa maji ya bomba la mradi, na bomba lilikohoa, likatoa mdudu, likanyamaza, mkurugenzi akabaki ameshika birika. Wizara ya afya ilipoandika kwamba jengo jipya la wagonjwa limekamilika kwa asilimia mia moja, kikao kiliitishwa ndani ya jengo hilo mwezi wa mvua, likakutwa na kuta, rangi, hata namba milangoni, ila juu hakuna kitu, kwa hiyo katibu mkuu wa wizara alitoa maelezo yake yote amesimama, mkono mmoja ukishika karatasi zilizolowa na mwingine ukimshikia mwenyekiti mwavuli. Shangazi hakugomba wala hakupandisha sauti, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa maelezo mazuri, kisha akamuuliza paa limefikia wapi, na paa likaezekwa mwaka uleule.

Lakini yeye mwenyewe hakujivunia sana ushindi wa namna hiyo, kwa sababu alijua hawezi kwenda kukaa chini ya kila paa lisilokuwepo katika nchi nzima, na aliona taarifa za kamati yake zikipokelewa kwa makofi, zikipigwa picha, kisha zikienda kulala kabatini, maana hapakuwa na sheria ya kumlazimisha waziri yeyote kurudi kueleza. Ndiyo sababu aliandika muswada mfupi, wa kurasa chache tu, unaosema kwamba wizara ikihojiwa na Bunge imetumiaje fedha za umma, itarudi mbele ya Bunge ndani ya miezi mitatu na kusema imerekebisha nini, basi, na muswada huo ulisomwa kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2008. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa mwezi huohuo, leo ana ndevu.

Muswada ulipigwa danadana ambazo hata wapinzani wake wanazikumbuka kwa heshima, mara unasubiri maoni ya wadau, mara wadau wanasubiri muswada, Bunge likavunjwa ukaanza upya, na ulipofika hatua ya kupigiwa kura, mnadhimu wa serikali, ambaye kazi yake ni kupanga nani awepo ukumbini na lini, na ambaye ni rafiki mkubwa wa familia hii, alikuwa akiuweka kwenye orodha ya shughuli kila mara siku ya Alhamisi baada ya chai. Wenzetu msiokuwa wabunge mfahamu kwamba kura haiwezi kupigwa bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kuwemo ukumbini, na Alhamisi baada ya chai mbunge yuko barabarani anarudi jimboni kwake, au anadai yuko barabarani. Spika hupigisha kengele, hungoja, hutazama viti vitupu, huahirisha. Marehemu alipomlalamikia mnadhimu, alijibiwa kwa uso wa huruma, "Shangazi, sisi muswada wako tunaupenda mno, ndiyo maana hatutaki kuuharakisha", na yeye, akisimulia mezani nyumbani, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kula ghafla.

Siku iliyomuuma kuliko zote ni Alhamisi, tarehe 20 Juni 2019, ambayo alitaka iandikwe hapa bila kupunguzwa. Siku hiyo alizunguka tangu asubuhi, mkahawani, kwenye ngazi, kwenye maegesho, akiwabembeleza hawa na kuwatania wale, hata akamtoa mbunge mmoja kwenye kiti cha kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja, na kengele ilipolia akidi ilikuwa imetimia na kuzidi kidogo. Akasimama kutoa hoja, akatazama ukumbi ulivyojaa, furaha ikampanda kichwani, akaanza kwa kuwashukuru wote, mmoja mmoja, kisha akaieleza historia ya muswada tangu mwanzo, na wakati anaeleza umuhimu wa kutopoteza muda, wabunge wakawa wanatoka wawili wawili kwenda kunywa chai, hadi mbunge wa upande wa pili akasimama na kumwarifu Spika kwamba akidi haipo tena. Shangazi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda jikoni, akalia kama mtoto, mzee akakaa naye mpaka chakula kikapoa. Kuanzia hapo hakuna hotuba yake iliyopita dakika tano, iwe bungeni, iwe harusini.

Maradhi ya moyo yaligunduliwa Agosti 2022, akawa anatibiwa huku anaendelea na kazi, na tarehe 6 Januari 2025 akalazwa, katika jengo lile lile la mwavuli, ambako alilala chali, akaangalia dari kwa muda mrefu, akamwambia muuguzi kwamba imetengenezwa vizuri, ila pale pembeni warudie. Madaktari walimweleza ukweli kwamba siku si nyingi, naye akawashukuru kwa kutompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaanza kupanga mambo yake. Mnadhimu alipomtembelea na machungwa, alimwomba jambo moja tu, kwamba muswada uwekwe kwenye orodha kila Alhamisi ya mkutano huu, na mnadhimu, aliyezoea kuombwa Jumanne, alishangaa, akamshika mkono, akakubali papo hapo, akatoka nje anafuta machozi, akidhani mama amekata tamaa.

Tarehe 8 Februari 2025, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Shangazi alifariki dunia akiwa na mume wake na kitinda mimba wake. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba, na ameacha nyumba ambayo sasa ina ukimya tusiouzoea, mtu anaweza kuahirisha jambo lolote na asiulizwe, na hilo linatuumiza kuliko tulivyotegemea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia ukaguzi wake, majirani waliotuletea viti, maji na mabega ya kuegemea, wafanyakazi wa Bunge, na wajumbe wa kamati yake, wakiongozwa na makamu mwenyekiti, refa mstaafu wa mpira, ambaye ndiye atakayeuwasilisha muswada leo, kwa hotuba ya sentensi moja. Tunamshukuru Mheshimiwa Spika, ambaye aliahirisha vikao vya Jumatatu hadi Jumatano kwa heshima ya marehemu, akaiacha Alhamisi, kama alivyoombwa na marehemu kwa maneno haya, "Nimeahirishwa vya kutosha nikiwa hai." Tunamshukuru kwa namna ya pekee mnadhimu wa serikali, mtu wa ahadi, kwa kuuweka muswada kwenye orodha ya leo, saa nane mchana.

Limebaki tangazo moja, na familia inaomba radhi. Waheshimiwa mliuliza kwa nini maziko yamengoja mpaka leo Alhamisi, na kwa nini mliombwa kuacha magari yenu ndani ya geti la Bunge na kuja kwa mabasi ya familia, mkaambiwa makaburini hakuna pa kuegesha. Mnaona wenyewe kwamba pa kuegesha papo, pamejaa tele. Mabasi hayo yamepangwa na huyu anayesoma, kwa maagizo ya marehemu, yataondoka baada ya maziko, hayatasimama popote njiani, yatawashusha mlango mkubwa wa ukumbi, na chai imeandaliwa kwa wote katika mkahawa wa Bunge, itamiminwa baada ya kura. Makarani wamekwisha kuwahesabu, pale pale mlipokaa.

Shangazi, akidi imetimia. Pumzika kwa amani.